Na Wengine Wote

Saa kumi na robo alasiri ni saa ambayo mpaka leo sipendi inikute nikiwa peke yangu. Watu wa nyumbani kwangu wanajua. Ikikaribia, mmoja wao hunitafutia kazi: nikachambue maharage, nikaangalie kama kuku wana maji. Hakuna anayesema kwa nini. Katika miaka ile ya sabini, saa hiyo ilikuwa saa ya salamu redioni, na mimi nilikuwa mtuma salamu.

Nieleze kidogo, maana walimu vijana wanaonijia siku hizi na simu zao mkononi hawakuikuta dunia hiyo, na huwa wanadhani sisi tuliishi kimya. Hatukuishi kimya. Dukani ziliuzwa kadi za salamu. Ulinunua kadi, ukaandika jina lako na sanduku la posta, ukaandika wimbo unaoutaka, kisha majina ya watu unaowasalimu, na mwisho kabisa kulikuwa na mstari wa ujumbe. Ukabandika stempu, ukatia posta. Wiki kadhaa zikapita. Halafu alasiri moja sauti ya mtangazaji ilitamka jina lako, nchi nzima ikisikia, na mwili ukakusisimka kama mtu aliyemwagiwa maji ya Iringa mwezi wa sita.

Nilikuwa na marafiki ambao sikuwahi kuwaona uso. Mmoja fundi wa reli Tabora, mmoja muuguzi Tanga, mwingine karani wa pamba huko Shinyanga. Mimi niliwasalimu, wao wakanisalimu. Fundi wa reli alipokaa miezi miwili bila kunitaja, nilinuna. Nilinuna kweli, nikawa namjibu mke wangu kwa mkato, kwa sababu ya mtu ambaye ningepishana naye njiani nisingemjua.

Nilifundisha shule ya msingi moja upande wa Kalenga, na tuliishi katika nyumba ya mwalimu, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka minne. Jumamosi niliendesha baiskeli hadi mjini kununua kadi. Sokoni mama mmoja muuza nyanya alinitazama akasema, "Wewe si ndiye yule mwalimu wa redioni?" Akaniongezea nyanya tatu. Nyanya zile nilizibeba kama zawadi ya taifa. Mke wangu alizikata akazitia kwenye mchuzi.

Mke wangu ni Mhehe wa Kihesa. Si mtu wa kelele, ila ana ulimi unaokata taratibu, nawe unajikuta unatoka damu baadaye. Jioni moja niliingia ndani baada ya kipindi, nikakuta chakula kimefunikwa.

"Mmeshakula?" nikauliza.

"Sisi tumeshakula," akasema. "Sijui rafiki yako wa Tabora. Labda tungemngoja?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Redio yetu ilitumia betri, na betri hazikupatikana kila siku. Zikichoka, tulizianika juani juu ya ungo, pembeni ya mahindi, zikapata uhai kidogo. Kwa hiyo nilikuwa na nidhamu kali: sikuwasha redio ovyo. Taarifa ya habari nilisimuliwa na mwalimu mkuu. Matangazo ya vifo, yaliyosomwa kabla ya salamu, sikuyasikiliza kabisa. Niliwasha saa kumi na robo, nikazima wimbo wa mwisho ulipokwisha. Nilijisifu kwa hilo. Nilijiona mtu mwenye kiasi.

Lakini saa kumi ndiyo ilikuwa saa ya kisomo. Miaka ile kila mwalimu alikuwa na darasa la watu wazima alasiri, wakulima waliotoka shambani na matope miguuni, akina mama wenye watoto mgongoni, wote wakijifunza kusoma na kuandika. Darasa langu lilitakiwa liishe saa kumi na moja. Mimi nililianza saa tisa na nusu, na ilipofika saa kumi na dakika tano niliandika maneno ubaoni nikawaambia wayanakili nyumbani. Nilikuwa na mtindo wangu: orodha ya maneno, kila neno peke yake. Kichwa, kifua, mguu. Njoo, nenda, kaa. Mzee mmoja alisema, "Mwalimu, leo tena tumbo linakuuma?" Darasa likacheka. Walijua tumbo langu lina antena.

Sasa niseme juu ya mama.

Mama yangu aliishi Rungwe, juu ya Tukuyu, katika migomba yake. Baba alikuwa ameshafariki. Mdogo wake mama, mama yangu mdogo, alikaa nyumba ya pili. Redio pale kijijini ilikuwa moja, ya mzee aliyerudi kutoka migodini kusini, na kila Jumamosi mama alikwenda kwake na kichane cha ndizi mbivu, kwa sababu si adabu kusikiliza redio ya mtu mikono mitupu. Alikaa karibu na mlango, akanyamaza, akangoja salamu za mwanawe.

Haya nilikuwa nayajua. Binamu yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Mafinga, na kila aliporudi kutoka nyumbani alinipitia.

"Mama anasema jina lako amelisikia mara nne," akaniambia siku moja, akivua kofia iliyojaa vumbi la mbao. "La kwake bado."

"Namwandika kila kadi."

"Basi mtangazaji hamwoni."

Ilikuwa hivi. Kadi ilikuwa na nafasi ya majina kama kumi na mawili. Mimi nilianza na marafiki wa mbali, nikashuka, nikashuka, na jina la mama niliandika mwisho. Wala sikuona ubaya. Nyumbani kwetu mgeni hupakuliwa kwanza; wa ndani hungoja, maana wa ndani hana wasiwasi kwamba atakula. Lakini kadi zilikuwa nyingi na muda ulikuwa mchache. Mtangazaji alisoma majina matano, sita, kisha akasema, kwa sauti ile yake nzuri, "na wengine wote aliowataja." Wimbo ukapigwa.

Mama yangu alitembea na kichane cha ndizi, akakaa mlangoni kwa watu, akawa wengine wote.

Binti yangu alikuwa ameyashika maneno hayo. Alipanga mawe na vibunzi vya mahindi kibarazani akawa anawatangazia: "Salamu zimfikie kuku, zimfikie mbuzi, zimfikie mwalimu mkuu, na wengine wote!" Tulicheka sana. Siku moja mke wangu alimwuliza, "Na mimi mama yako niko wapi hapo?" Mtoto akafikiri, akaonyesha rundo la vibunzi vilivyobaki. "Uko hapa. Kwa wengine wote."

Mke wangu alinitazama. Nami nikatazama saa.

Mwaka uliofuata binamu aliniletea habari kwamba mama ameanza kisomo. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia kadi yoyote. Mama, ambaye utoto wangu wote aliweka alama ya dole gumba, ameshika kalamu! Na miezi michache baadaye, shuleni, ilinifikia bahasha. Anwani ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine, lakini ndani kulikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, na juu yake mstari mmoja tu wa herufi nene, zilizoegemeana kama watu waliolewa ulanzi, bila nafasi hata moja:

mwanangumimiwenginewotekifuanjoo

Nilikuwa kwenye chumba cha walimu, mbele yangu rundo la madaftari, mkononi kalamu nyekundu. Naomba mnielewe. Sikuwa na haraka mbaya, wala sikuwa na dharau. Nilikuwa na furaha. Niliusoma mstari ule kama ninavyosoma kazi ya mwanafunzi, nikaweka vistari vyekundu mahali maneno yanapoachana: mwanangu, mimi, wengine, wote, kifua, njoo. Maneno sita, yote kwa tahajia sahihi. Niliona orodha. Wiki ile ile nilikuwa nimeandika "kifua" na "njoo" kwenye ubao wangu mwenyewe, nikadhani mwalimu wa huko naye ana mtindo kama wangu, na mama amenitumia kazi yake ya darasani nione maendeleo.

Nikaweka alama ya vema. Nikaandika 6/6. Chini yake nikaandika: "Vizuri sana mama. Acha nafasi kati ya maneno." Nikamwonyesha mwalimu mkuu, akanipa mkono. Nikaitia karatasi ile ile kwenye bahasha mpya nikamrudishia mama kwa posta ya mchana, ili aone vema yake.

Jioni nilimsimulia mke wangu, nikamtajia maneno yote sita kwa fahari. Alikuwa akipepeta mahindi. Ungo ukasimama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Unasema ameandika kifua? Halafu njoo?"

"Ni maneno ya ubaoni. Hata mimi nayafundisha."

"Mimi sijasoma kama wewe, Mwalimu. Lakini hapo nimesikia mtu anaita." Akaweka ungo chini. "Na hilo la wengine wote, nalo liko ubaoni?"

Sitasema kwamba sikuelewa. Nilielewa pale pale, nikiwa nimesimama katikati ya nyumba, na maneno sita yakaacha kuwa orodha. Mwanangu. Mimi ndiye wengine wote? Kifua kinaniuma. Njoo.

"Kesho kuna basi," mke wangu akasema.

Sasa hapa ndipo ningependa mwalimu kijana anayesoma haya atulie nami kidogo. Kwa sababu sikukataa. Sikusema siendi. Nilisema kwamba mitihani imekaribia, kwamba likizo ni wiki sita tu mbele, kwamba kifua cha mama ni cha baridi ya Rungwe na kila mwaka kinamsumbua, kwamba afisa elimu haruhusu safari katikati ya muhula. Kila moja lilikuwa kweli. Na nilipokwisha kuyasema yote nilikaa mezani, nikatoa kadi ya salamu, nikaandika jina la mama mstari wa kwanza.

Wa kwanza kabisa. Chini yake sikuandika mtu yeyote. Kadi nzima niliiacha wazi, ili mtangazaji asipate wa kukata. Wimbo nikachagua wa kwaya, aina anayoipenda. Kwenye mstari wa ujumbe nikaandika: "Mama, nakuja. Usichoke kungoja."

Nilijisikia vizuri. Nadhani nililala usingizi mzuri usiku ule kuliko mke wangu. Nilikuwa nimemjibu mama mbele ya nchi nzima. Ni mwana gani mwingine Rungwe aliyefanya hivyo?

Zilipita wiki nne. Kila siku niliwasha redio saa kumi na robo, kadi yangu haikusomwa, nami nikawa na hamu mama aisikie. Alasiri moja nilikuwa kwenye kigoda, salamu zimeanza, binti yangu ananiegemea goti, nikaona mwalimu mkuu anakuja kwa miguu akikata katikati ya uwanja wa mpira. Hakuwa mtu wa kutembea upesi. Alifika mlangoni akasimama.

"Mwalimu," akasema, "zima redio."

"Bado dakika chache tu, Mkuu."

"Zima redio, ndugu yangu."

Nikazima. Alikuwa amesikiliza matangazo ya vifo, kama alivyofanya kila siku. Jina langu lilikuwa limesomwa, kamili, la kwangu na la baba yangu, na shule yangu, popote nilipo, niende nyumbani haraka, mama amefariki, maziko kesho. Nchi nzima ilikuwa imesikia isipokuwa mimi, niliyekuwa natunza betri.

Tulipanda basi asubuhi, mimi na mke wangu, mtoto tumemwacha Kihesa kwa bibi yake. Mafinga tukamchukua binamu. Basi liliharibika mara moja, tukangoja jua la mchana, na tulipofika Mbeya tukapata gari jingine la kupanda Tukuyu. Mvua ilikuwa inanyesha, mvua ya kwetu isiyo na haraka. Tulipoingia kwenye migomba ya mama, watu walikuwa wanatoka makaburini, majembe mabegani. Udongo wa kwenye majembe ulikuwa bado unadondoka.

Mama mdogo alinikumbatia, akanipeleka chumbani kwa mama. Kwenye kikapu alichowekea sindano na nyuzi kulikuwa na karatasi yangu. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hadi mikunjo imechoka. Vema nyekundu ilikuwa bado inang'aa.

"Alimwonyesha kila mtu," mama mdogo akasema. "Alisema, mwanangu amenipa zote."

"Alisema nini kingine?"

Akaninyooshea karatasi. "Aliniuliza kama nafasi ndiyo iliyokosekana. Kama angeacha nafasi, ungekuja?"

Mpaka leo ninaendelea kuishi na swali hilo.

Siku ya tatu ya matanga watu walikuwa wamekaa uani chini ya turubai, mvua imepumzika. Yule mzee wa redio alikuwa ameileta redio yake, kwa sababu tulikuwa tunatoa tangazo la kuwashukuru waliotufariji, na tulitaka kulisikia. Tangazo likasomwa. Mzee akasahau kuzima. Saa kumi na robo ikafika, na muziki wa kufungulia salamu ukaanza. Mke wangu alinishika mkono kabla mimi mwenyewe sijajua ni kwa nini.

Mtangazaji akasoma jina langu. Akasoma shule yangu. Kisha, polepole, kwa sababu siku hiyo alikuwa na muda, akasema: "Anasema salamu zake za kwanza, na za pekee, zimfikie mama yake mzazi," akalitaja jina la mama, lote, na kijiji, na wilaya. Alilitamka vizuri kuliko alivyowahi kulitamka mtu yeyote. "Na ujumbe wake unasema: Mama, nakuja. Usichoke kungoja."

Redio haikujua kitu. Kwaya ikaanza kuimba.

Mzee alinyoosha mkono azime. Mama mdogo akamzuia.

"Acha," akasema. "Aliingojea." Kisha akageuka upande wa kaburi. Kwetu salamu haiachwi hewani. Mtu akisalimiwa naye hayupo, wa kwake humwitikia. Akaitikia kwa Kinyakyusa, kwa neno letu la kupokea salamu na kushukuru, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu jirani aliyepita njiani: "Ee, ndaga."

Akina mama wote waliokuwa uani wakaitikia naye. Ndaga. Mimi peke yangu sikuweza kufungua mdomo.

Tuliporudi shuleni, redio sikuivunja wala sikuiuza. Watu hudhani niliichukia. Niliipeleka kwa mwalimu mkuu akawa anayo yeye, nami nikawa nakwenda kusikiliza taarifa ya habari pamoja naye, na matangazo ya vifo yaliyorudiwa usiku, yote, mpaka jina la mwisho. Darasa langu la kisomo likaanza saa kumi na kuisha saa kumi na moja. Niliacha kuandika orodha. Nilimwambia kila mmoja, mwandikie mtu barua, hata ya maneno mawili, na mimi nikawa naisoma kwanza kalamu ikiwa mfukoni. Yule mzee wa tumbo aliandika: mke wangu leo pika kunde. Nilimwuliza kama ameipeleka. Akasema, "Nimeipeleka, Mwalimu. Akapika maharage." Darasa likacheka, nami nikacheka nalo, mara ya kwanza tangu nirudi.

Fundi wa reli wa Tabora alinisalimu redioni kwa miezi mingine kadhaa. Niliambiwa na watu. Sikumjibu kwa kadi. Nilimwandikia barua moja, nikamweleza. Akanijibu kwamba naye ana mama, Kigoma, na kwamba ameomba likizo.

Walimu vijana huniuliza: Mzee, tufanyeje na simu hizi, makundi ya kazini, makundi ya shule tulizosoma, na madaftari hayajasahihishwa, na watoto wanatuita mara tatu hatusikii? Mimi sina sheria ya kuwapa, na si haki niwakemee, maana nyinyi hamjafanya hata nusu ya niliyofanya mimi na redio ya betri nne. Ninawauliza kitu kimoja tu. Nyumbani kwako, ni nani aliye wengine wote? Wengi hucheka. Mmoja, mwalimu wa kike, hakucheka, aliinuka akatoka nje kupiga simu, na nilimsikia dirishani akisema, "Hapana mama, hakuna tatizo. Nimekupigia tu."

Karatasi ninayo. Mke wangu aliiweka kwenye bahasha ya nailoni, isiloe. Wino mwekundu umefifia hadi karibu na rangi ya udongo, ila penseli ya mama imebaki nyeusi vile vile. Ikifika saa kumi na robo, na kama hakuna aliyewahi kunipa maharage ya kuchambua, huwa naitoa. Sitazami vistari vyangu. Naisoma kama alivyoiandika, kwa pumzi moja, bila nafasi, na pumzi hunikatikia kabla ya neno la mwisho. Kisha natulia, narudia kulitamka hilo peke yake, halafu nasema ndaga.